Kipande Alichokikata Osi

Baba yangu tulimzika mwezi wa pili.

Mwezi wa saba nikamsikia anaimba.

Haikuwa ndoto. Ilikuwa saa nne asubuhi, Nyamongo senta, jua linawaka, nimeshika mfuko wa sukari na sabuni ya mche. Bodaboda ikanipita imefungwa spika kwa nyuma, na ndani ya ile spika alikuwa baba na litungu lake, ile ala yetu ya nyuzi nane.

Sukari ikadondoka.

Nilimkimbilia yule dereva mpaka akasimama kwenye kivuli cha mashine ya kusaga.

"Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Dada, unaishi dunia ipi? Ndio unabamba sasa hivi. Wa Osi."

"Osi yupi?"

"Osi Digitali. Si pale, kile kibanda cha bluu?"

"Anayeimba ni baba yangu."

Akanitazama juu hadi chini, akacheka. "Basi una baba kijana. Osi hata thelathini hajafika."

Akanionyesha video kwenye simu yake. Osi amekaa juu ya jiwe, miwani nyeusi usoni, litungu mapajani, wasichana wawili wanatingisha mabega nyuma yake. Mdomo wake unafunguka, na inayotoka ni sauti ya baba. Wameitwanga ngoma za kompyuta juu yake, lakini ni yeye. Mtoto hapotezi sauti ya mzazi wake hata ukiifunika kwa debe.

Vidole vya Osi vilikuwa vinapapasa nyuzi kama mtu anayetafuta chawa.

Chini ya video kumeandikwa: OSI DIGITALI – HECHE.

Watu elfu tisini walikuwa wameshaitazama.

*

Kabla sijaendelea, mnijue. Mimi ni Mokami, binti wa Waitara, wa Nyamwaga. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Mama alitangulia zamani, nikabaki na baba na kaka yangu Elia.

Baba alikuwa mkulima mwenye ng'ombe wachache na litungu moja. Alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo litungu lake lilifungwa nyuzi kinyume na la wenzake, na hakuna aliyeweza kuliazima. Alipiga kwenye harusi, kwenye matanga, na siku nyingine aliwapigia ng'ombe tu.

Alikuwa na desturi ya wapigaji wa zamani. Wimbo ukifika mwisho, anajitaja. "Aliyesema haya ni Waitara wa Nyamwaga." Anasema hivyo hata kama waliokaa mbele yake ni watoto wake wawili wanaomjua vizuri.

Nilimuuliza siku moja, "Tata, kwani sisi hatukujui?"

Akasema, "Neno lisilo na mwenyewe ni kelele. Ukisema kitu, simama nyuma yake."

Ule wimbo aliutunga kwa ajili ya Heche.

Heche alikuwa rafiki yake tangu wanachunga pamoja. Mwaka 2009, nikiwa darasa la tano, walikuwa wanachimba dhahabu Kerende, kwenye mashimo madogo ambayo wachimbaji wanayaita maduara. Heche akawa anashushwa chini kwa kamba, baba ndiye anashika kamba juu. Udongo ukaporomoka. Kamba ikakatika. Heche akatolewa siku ya tatu.

Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyojua.

Heche aliacha mke, mama Agustina, na watoto watatu. Tangu mwaka ule baba hakugusa dhahabu tena. Kila msimu wa kulima, ng'ombe wetu walianza shamba la mama Agustina ndipo waje kwetu. Miaka yote. Elia akilalamika kwamba mvua inatupita, baba anamjibu neno moja tu: "Lima."

Watu walisema Waitara ana moyo wa pekee. Na mimi nilitembea kifua mbele kwa sababu ya moyo huo.

*

Sasa, wimbo ulifikaje kwa Osi?

Mimi ndiye niliyeupeleka.

Siku baba alipofariki, tulitaka picha yake kubwa ya kuweka juu ya jeneza. Picha pekee nzuri ilikuwa kwenye simu yake ya batani. Nikachomoa memori kadi, nikampelekea Osi aichape. Kibanda chake kimeandikwa hivi mlangoni: TUNARUSHA NYIMBO, TUNACHAPA PICHA, TUNACHAJI SIMU.

Akaniambia, "Pole sana sista. Iache, zunguka saa moja urudi."

Kwenye memori ile kulikuwa na picha kumi na nne, na wimbo mmoja ambao baba alijirekodi mwenyewe akiwa peke yake zizini, mwezi mmoja kabla hajafa.

Vibanda hivi havichagui. Ukichomeka memori, kinachukuliwa chote kilichomo. Nililijua hilo. Kila mtu analijua. Kwani hizo nyimbo tunazorushiwa tunadhani zinatoka wapi?

*

Nilikwenda kwenye kile kibanda siku ileile, sukari imeshachanganyika na mchanga.

Palikuwa na vijana watano kwenye benchi wanasubiri simu zao. Osi alikuwa anakula karanga.

"Osward," nikamwita kwa jina lake la nyumbani, maana shule tulisoma wote. "Ule wimbo ni wa baba."

"Wimbo upi?"

"Usijitoe ufahamu. Wa Heche."

Akatema ganda. "Ule nimetunga mimi. Heche ni mjomba wangu."

"Heche ni mjomba wako tangu lini?"

"Tangu nilivyotunga wimbo."

Benchi zima likaangua kicheko.

"Osward, baba hana hata miezi sita kaburini."

"Sawa. Una karatasi?"

"Karatasi ya nini?"

"Gari lina kadi. Shamba lina hati. Ng'ombe ana chapa. Wimbo wa baba yako una nini?"

"Una sauti yake!"

"Sauti." Akawageukia wale vijana. "Jamani, sista anataka nimlipie sauti. Kesho atakuja mwingine nimlipie kikohozi."

Wakacheka tena.

Halafu akaacha kutafuna. Akaniinamia juu ya meza.

"Mokami, nikuulize. Kwenye simu yako una nyimbo ngapi? Mimi nakumbuka, nilikurushia mwenyewe. Mia tatu na kitu, kwa buku mbili. Hao walioimba uliwatumia nini? Hata salamu?"

Nikaisukuma simu yangu mfukoni.

"Basi," akasema. "Wewe ukiwa mteja ni biashara. Leo limekufika kwako, nimekuwa mwizi."

"Utauondoa au huuondoi?"

Hapo akashusha sauti, wale wa benchi wasisikie. "Nikupe ushauri wa bure. Ule wimbo uache kwangu. Ukiudai utaujutia."

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Nakwambia."

Nikampindulia bakuli la karanga, nikatoka.

*

Elia alipopata habari alikuwa ananoa panga, na akaendelea kulinoa hata lilipokwisha kukata.

"Nakwenda kukichoma kile kibanda."

"Ukikichoma utafungwa, na wimbo utabaki wa kwake."

"Basi namchoma mwenyewe."

"Elia!"

"Mura yule, kijana mdogo vile, anamvaa baba kama koti, halafu wewe unaniambia Elia? Watu wanacheza disko kwa msiba wetu, Mokami! Jana walevi wa Kerende walikuwa wanauimba!"

Nilimnyang'anya panga nikalilalia.

Asubuhi nikapanda gari kwenda halmashauri, kumwona afisa utamaduni. Anaitwa bwana Evodius, mtu wa Bukoba, mpole, miwani imeshuka puani. Nilitegemea atanifukuza. Hakunifukuza.

"Mtunzi akifa, haki yake haifi naye," akasema. "Sheria inawapa warithi miaka hamsini. Lakini lazima ujulikane ni wake. Ushahidi unao?"

"Ninao. Simu yake, na sauti nzima. Ya Osi ni dakika tatu na nusu. Ya baba ni dakika saba."

"Hiyo iliyobaki ina nini?"

"Mwishoni anajitaja jina. Alikuwa anajitaja siku zote."

"Umesikiliza?"

Sikuwa nimesikiliza. Kwenye dakika ya nne baba anaacha kuimba, anakohoa. Ni kile kikohozi alichofia nacho. Kila nilipojaribu, nikifika pale nilizima. Miezi mitano nilikuwa nampenda baba yangu mpaka kwenye kikohozi, basi.

"Najua jina lipo," nikamjibu.

"Vizuri. Nitawaita wote wawili, Jumatano, ofisi ya kata. Tukikubaliana hapo, vizuri. Tusipokubaliana, faili linakwenda juu, kwa ofisi ya hakimiliki yenyewe. Uje na shahidi."

Shahidi nilimjua.

*

Mama Agustina nilimkuta anapembua mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mokami. Keti."

Nikamweleza yote. Hakushtuka. Ule wimbo alikuwa ameshausikia. Nani hajausikia?

"Uje useme tu kwamba Heche ni mumeo, na kwamba baba ndiye aliyemwimbia."

"Nitakuja."

Akapembua kidogo, akaweka ungo chini.

"Kila siku nausikia ukipita barabarani," akasema. "Nasimama mlangoni mpaka uishe. Na kila siku unaishia njiani."

"Wameufupisha, mama."

"Hm," akasema. "Basi nitakuja."

*

Jumatano ofisi ya kata ilijaa mpaka madirishani. Hakuna kinachojaza watu kama kesi isiyo yao.

Osi alikuja na tai. Na miwani yake nyeusi.

Elia akampigia kelele kutoka mlangoni, "We mura, vua miwani, hapa hakuna jiwe la kukalia!"

Watu wakacheka. Bwana Evodius akagonga meza kwa kalamu.

"Bwana Osward, wimbo huu umetunga wewe?"

"Mimi, afisa."

"Unamzungumzia nani?"

"Mjomba wangu, marehemu Heche. Alifukiwa shimoni Kerende."

Mama Agustina akasimama taratibu, kanga imefungwa kiunoni. "Mimi ndiye mke wa Heche. Ndugu zake wote nawajua. Wewe mama yako anatoka wapi?"

"Heche wako wengi, mama."

"Heche aliyefukiwa Kerende ni mmoja."

Ofisi ikalipuka. Mtu akapiga mluzi. Kuna bibi alisema kwa sauti, "Mpwa amepatikana, sasa alete ng'ombe wa matanga!"

Osi akajipangusa jasho. "Afisa, hata kama. Wimbo unaweza kuimba habari ya mtu yeyote. Waonyeshe kwamba hiyo sauti si yangu."

Elia akamrushia litungu la baba. Kweli alilirusha, nusura livunjike. "Piga! Si ni lako? Piga!"

Osi akalishika. Nyuzi zilifungwa kwa mpigaji wa mkono wa kushoto. Akagusa wa kwanza, akagusa wa pili, likatoa mlio wa bati.

"Nilimlipa mpigaji," akasema.

"Na mwimbaji ulimlipa?" Elia akauliza.

Bwana Evodius akainua mkono. "Inatosha. Binti, weka sauti."

Nikaitoa simu ya baba. Nikaiunganisha na spika ndogo ya afisa.

Osi akavua miwani. Alinitazama machoni, na naapa sikuona ubishi usoni mwake. Niliona mtu anayetazama mtoto akielekea kwenye kisima.

"Mokami," akasema. "Nimekubali. Ni wa baba yako. Zima tu. Chukua wimbo wako twende nyumbani."

Ningezima.

Lakini nilikuwa na hasira. Nilitaka asikie jina. Nilitaka kila aliyekuwa dirishani amsikie baba akijitaja, kisha wamgeukie Osi wamzomee mpaka Nyamongo.

"Sizimi," nikasema. "Utamsikia mwenyewe."

Nikabonyeza.

*

Baba akaimba. Kwa Kikurya, sauti tupu, bila ngoma za kompyuta. Nawaandikia kwa Kiswahili, ingawa haifanani.

Heche, ulishuka asubuhi.
Ng'ombe wamerudi, wewe mbona hurudi?
Mkeo ameepua chungu,
chakula kinapoa, kinamngoja nani?

Watu wakatulia. Kina mama wawili walianza kujifuta macho. Nilifika kwenye kikohozi. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye batani.

"Usizime," akasema mama Agustina.

Nikatoa kidole.

Baba akakohoa. Muda mrefu. Akavuta pumzi. Litungu likaanza upya, chinichini.

Walioniuliza niliwaambia kamba imekatika.
Kamba haikukatika.
Udongo ulinguruma, nikaogopa,
mikono yangu ikaiachia, miguu ikakimbia.
Uliniita, Heche. Nilisikia.
Nalima shamba lako kila msimu,
na shamba halinijibu.
Aliyeachia ni Waitara.
Aliyesema haya ni Waitara wa Nyamwaga.

Sauti ikaisha. Ng'ombe mmoja akalia kwenye ile rekodi, halafu kimya.

Bwana Evodius akatuangalia mmoja mmoja. Yeye Kikurya hajui. "Jina nimelisikia," akasema. "Waitara. Kabla ya hapo amesema nini?"

Waliokuwa dirishani wakaanza kutazama chini.

"Binti? Amesema nini?"

Nilimwangalia Elia, alikuwa amegeukia ukuta.

"Jamani, nani atanitafsiria?"

"Mimi," akasema mama Agustina.

Akasogea mpaka mbele ya meza. Akatafsiri mstari kwa mstari, kwa Kiswahili safi, kama mtu anayesoma barua. Kamba haikukatika. Aliogopa. Aliachia. Aliitwa, akasikia. Hakuruka neno.

Alipomaliza akasema, "Andika, afisa. Wimbo ni wa Waitara. Nimethibitisha mimi mjane wa Heche."

Kalamu ya afisa haikuandika.

Ndipo Osi akatabasamu. Hakupaswa kutabasamu.

"Si nilikwambia?" akaniambia. "Mimi ndiye niliyekata kile kipande. Nilikisikia siku ileile ya picha. Nikakikata, nikasema msiba wa watu nisiuchafue. Mlitakiwa mnishukuru."

Mama Agustina akageuka.

"Ulikisikia?"

"Ndiyo, mama. Nilikuonea huruma wewe."

"Ulikisikia tangu mwezi wa pili. Ukakikata. Ukakitupa wapi?"

"Nilifuta tu, mama."

"Ulifuta."

Alimsogelea mpaka Osi akarudi nyuma na kiti chake.

"Sikiliza, wewe mtoto. Mume wangu alipotolewa, walinipa vitu vyake. Buti, tochi na kamba. Kamba ile ninayo ndani hadi leo. Ina fundo la huku alipokuwa amefungwa yeye, na ina fundo la huku alilofunga Waitara kushikia. Kamba iliyokatika ina mafundo mawili?"

Akawageukia watu wa dirishani.

"Miaka kumi na tano nimejua. Miaka kumi na tano yule mzee anakuja shambani kwangu, analima, anakunywa uji wangu, anaondoka. Nikisema leo atasema. Msimu unapita. Nikisema mwakani. Sikutaka ng'ombe wake, nilitaka mdomo wake! Akafa. Nikasema basi, amekwenda nalo."

Sauti yake ikapanda, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kumbe alisema! Kumbe alisema na jina lake akalitaja! Na wewe ulikaa nalo kwenye kibanda chako, ukaliondoa kama mafuta kwenye nyama, ukauza iliyobaki! Wimbo umewaibia hawa. Kile kipande uliniibia mimi. Kilikuwa changu!"

Osi akafungua mdomo.

"Nyamaza!"

Akaufunga.

Halafu mama Agustina akanigeukia mimi. Nilidhani atanishika mkono. Nilitaka sana anishike mkono.

"Na ninyi," akasema. "Mmedai wimbo, mmeupata. Uchukueni wote. Msije nanyi mkaukata."

Akatoka. Watu wakampisha.

*

Osi aliiondoa video mbele ya afisa, akaandika maelezo, akasaini. Faili lilikwenda mbele, na kibanda cha bluu kimefungwa. Nasikia amehamia upande wa Sirari na anaendelea na mambo yake yaleyale. Watu wa namna yake hawakosi kibanda.

Tulishinda, basi. Mnataka nicheze?

Barabarani watu walianza kutusalimia kwa mbali. Mtu mmoja alimwambia Elia sokoni, "Moyo wa pekee, eeh?" Elia akarudi nyumbani na mdomo uliopasuka.

Usiku ule tuligombana.

"Futa," Elia akasema. "Hiyo simu itupe chooni. Haki si tunayo sisi? Basi mwenye haki anaamua. Mimi nimeamua ufutwe."

"Ndivyo alivyosema Osi."

"Usinilinganishe na yule mbwa!"

"Osi alikata ili auze. Wewe unataka kukata tusione aibu. Mkasi ni uleule."

Alinyanyua mkono kunipiga. Hakunipiga. Akakaa chini, akalia vile ambavyo hakulia hata kwenye msiba.

Siku ya tatu mama Agustina alikuja. Hakuingia. Hakukaa. Alikuwa na kamba begani, kuukuu, imekauka udongo wa Kerende.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Akaiweka juu ya kaburi la baba, mafundo yote mawili yakiwa juu.

"Hii ni yenu," akasema. "Nimeitunza vya kutosha."

"Mama, msimu ukianza, Elia ataleta ng'ombe..."

"Nimekodi trekta."

Alifika barabarani, akasimama, bila kugeuka.

"Mmeuweka mtandaoni?"

"Bado."

"Uwekeni. Nataka nisimame mlangoni niusikilize mpaka mwisho."

Niliuweka siku ileile. Dakika saba zote, na kikohozi, na ng'ombe aliyelia. Jina: Waitara wa Nyamwaga. Sikuongeza ngoma.

Watazamaji hawajafika elfu. Bodaboda hawaupigi, wanasema unaharibu abiria. Mmoja aliniomba nimtengenezee "ule mfupi". Nikamwambia mfupi haupo.

Lakini jirani wa mama Agustina ameniambia. Mara moja kila jioni unasikika kwenye nyumba ile, kutoka simu ya binti yake. Mpaka mwisho. Kisha mlango unafungwa.

Hajanisamehe. Tukikutana kisimani anachota, anaondoka. Sijawahi kumlaumu.

*

Najua hadithi za mtandaoni zinavyofanywa. Mtu anaikuta, anakata jina la mwandishi pale chini, anaibandika kwenye ukurasa wake, watu wanampa pongezi.

Nawe unayetaka kuichukua hii, nakusikia kabisa unavyopumua.

Kabla hujakata, nakuachia nilichojifunza mimi. Unadhani unachukua kitu kitamu ambacho mwenyewe hakihitaji tena. Hujui ndani yake kuna nini, wala kilikuwa kinakwenda kwa nani. Neno unaloliona la ziada, huenda kuna mama amesimama mlangoni miaka kumi na tano akilisubiri.

Na wewe mwenye mali, ukidai cha mzazi wako, kidai chote. Sifa na fundo lake.

Zile nyimbo mia tatu nilizorushiwa kwa buku mbili nimezifuta. Kwa wenyewe sikurudisha chochote, sijui hata pa kuanzia. Nasema ili nisije nikajifanya safi.

Baba yangu alikuwa mtu mwema aliyeachia kamba.

Aliyesema haya ni Mokami wa Waitara, wa Nyamwaga.